Upepo wa Bure, Majani ya Wenyewe

Kuna michezo ambayo sisi vijana tumezoea kuiona kwenye video tu, tukajisemea moyoni kwamba hiyo ni ya wenye nazo. Mmojawapo ni huu wa kusimama juu ya ubao wenye magurudumu manne, umeshika tiara kubwa kwa mikono miwili, na upepo unakuvuta juu ya majani kama vile umefungwa nyuma ya fahali. Injini hakuna, petroli hakuna. Mimi, ndugu msomaji, nimeuanzia mchezo huu Kalemela, wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, na nataka nikueleze jinsi unavyoanzwa, maana washikaji wengi wananiuliza, na wengine wanacheka kabla hawajauliza.

Kwanza tuimalize hii habari ya "mambo ya wazungu hayo". Ni kweli kwamba mwaka 1826 mwalimu mmoja wa shule wa Bristol, Uingereza, jina lake George Pocock, alipata hataza ya gari lake la kuvutwa na tiara. Inasimuliwa kwamba hakulipa ushuru wa barabara, kwa sababu ushuru ulihesabiwa kwa idadi ya farasi, na yeye farasi hakuwa nao! Na ni kweli kwamba kuanzia karibu mwaka 1990, Peter Lynn wa New Zealand ndiye aliyevieneza vigari vya magurudumu matatu vya kukokotwa na tiara. Lakini nani asiyejua kwamba mtoto wa kwetu anarusha tiara kabla hajajua kuandika jina lake? Na pale Paje, Unguja, watu wanavutwa na tiara juu ya maji kaskazi na kusi, na vijana wa Kitanzania ni miongoni mwa wanaowafundisha wageni. Kilichobaki ni kuyatoa mambo majini, kuyaleta majanini.

Tiara yangu ilitoka hukohuko Paje. Binamu yangu alikuwa akifanya vibarua vya ufukweni, akapewa moja kuukuu, mita 3 za mraba, imechanika pembeni. Fundi cherehani wa Nyashimo akaishona huku akiniuliza ni mwavuli wa aina gani huu usio na mpini. Kwa anayeanza, mita 2 au 3 zinatosha kabisa. Usidanganywe na tamaa ya kubwa: ya mita 7 kwenye upepo mkali inaweza kumnyanyua mtu mzima, na ardhi ya kumpokea haina godoro.

Ubao nilitengenezewa Lamadi na fundi wa kuchomelea. Magurudumu manne madogo ya kujazwa upepo, ekseli mbili, na kati ya ekseli na ubao vipande vya tairi kuukuu, tairi lilelile la kukatia katambuga. Raba hiyo ndiyo siri ya kukata kona: ukiegemea kisigino, ubao unakunja upande wa kisigino, ukiegemea vidole, unakunja upande wa vidole. Kofia ngumu nilipewa na jamaa wa bodaboda. Magotini nilifunga vipande vya godoro kwa mpira. Watu walicheka sana siku hiyo, nikawaacha wacheke.

Sasa kazi yenyewe. Wiki ya kwanza, ubao uache nyumbani. Simama na tiara tu, upepo ukupige mgongoni. Wanaofundisha kwa Kiingereza hukuambia ufikirie uso wa saa mbele yako. Mimi nakwambia hesabu saa kwa Kiswahili, utaelewa haraka zaidi, kwa sababu saa zetu zinalifuata jua. Mchana Kalemela upepo unatoka ziwani, kwa hiyo ukiupa mgongo, mashariki iko kushotoni. Tiara ikiwa kushoto, hiyo ni saa tatu asubuhi. Ikiwa juu ya utosi, saa sita mchana. Ikishuka kulia, saa tisa alasiri. Saa sita tiara imetulia, haikuvuti sana, hapo unapumzika. Ukiishusha mbele yako, katikati na chini, umeiingiza tumboni mwa upepo, na hapo ndipo inapovuta kuliko popote. Basi zoea kuipeleka saa tano, irudi saa sita, iende saa saba, irudi, mpaka mikono ifanye yenyewe bila kutazama.

Ukishaweza hayo, keti chini, weka miguu kwenye ubao, tiara iwe saa sita. Ubao uelekee ubavuni mwa upepo, kama mtu anayevuka mto na si kama anayefuata maji. Kisha ishushe tiara upande unaotaka kwenda, saa nne au saa nane, itakunyanyua kutoka matakoni hadi miguuni na ubao utaanza kutambaa. Kusimama ni kinyume chake: kunja ubao kuelekea upepo unakotoka na rudisha tiara saa sita. Mambo yakikushinda, achia! Kamba fupi ya usalama iliyofungwa kwenye mkono itaiporomosha tiara. Usijiviringishie kamba vidoleni hata siku moja, zikikaza zinakata nyama. Na nguzo za umeme zikae mbali nawe kuliko urefu wa kamba zako mara kadhaa. Hapo sitanii.

Upepo wa kuanzia ni wa kilomita 15 hivi kwa saa. Huna kipimo? Tazama miti: majani na vijitawi vikichezacheza muda wote, twende. Vumbi likianza kunyanyuka, kunja tiara urudi nyumbani. Hapa kwetu jua linaichemsha nchi kavu upesi kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, na ile ya baridi ya ziwani inaingia kuziba pengo. Ndiyo maana asubuhi ni kimya, na mchana upepo unakuja kutoka Ghuba ya Speke.

Hayo nimeyaeleza kitabuni-kitabuni, lakini aliyenifunza kweli ni dogo mmoja mchungaji, wa miaka kumi na moja, mwenye tiara ya karatasi za daftari na vijiti vya mabua ya mtama. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba upepo wa ziwani ukinyamaza ghafla, halafu ukaja wa baridi kutoka upande wa pili wenye harufu ya mvua, nisisubiri kuona wingu. "Kaka, huo unabeba mabati," alisema. Nimemaliza kidato cha sita, na huyo ndiye mwalimu wangu.

Tatizo halikuwa upepo. Lilikuwa majani. Mchezo huu unataka uwanja wazi, majani mafupi, usio na visiki wala miiba ya mgunga ya kutoboa matairi. Baada ya masika udongo wetu mweusi wa mbuga unanata kama ugali mbichi, na kiangazi kikikolea unapasuka nyufa za kumeza gurudumu. Katikati hapo, kama Juni na Julai, majani yakiwa yameliwa na ng'ombe, uwanja unakuwa zulia. Na uwanja wa namna hiyo ninaoujua ni mmoja: ngitili ya babu yangu.

Msomaji wa mjini, ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafungia wakati wa mvua, yasiguswe, yaje yaokoe mifugo wakati wa ukame. Zilikuwa zimeanza kupotea. Katika mkoa wa Shinyanga wa zamani, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake, serikali ilianzisha mwaka 1986 mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi, na wananchi wakarudia kuzifunga ngitili. Babu yangu hakungoja mradi. Yeye alikataa tu kulima pale.

Nilimfuata, nikamwamkia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ng'wanawane, upepo si wa mtu. Majani haya ni ya ng'ombe. Wakishtuka wakaingia kwenye shamba la mtu, nani atalipa?" Tukapatana: kuanzia saa saba hadi saa tisa, kundi likiwa limeenda ziwani kunywa maji, uwanja ni wangu. Mbwanda wa ng'ombe ukionekana tu njiani, tiara iwe imeshakunjwa. Sijalivunja agano hilo.

Lakini mwaka huu baba wadogo wanataka ngitili ilimwe pamba. Wana hoja zao: ada za shule zinadai, nyumba zinavuja, na majani hayauzwi kwa kilo. Kikao cha ukoo kitakaa baada ya mavuno, na kwa desturi kijana hukaa nyuma akanyamaza. Nimeshamwomba Babu nafasi ya kusema. Habari ya tiara sitaigusa, maana watanifukuza kwa vicheko. Nitasema habari ya ng'ombe kumi na wanne, mwezi wa tisa, na wapi watakula. Nimeuzunguka uwanja ule kwa magurudumu mpaka najua kila bonde lake, wapi majani yanawahi kukauka na wapi yanabaki mabichi hadi Agosti. Nimeyaandika yote kwenye daftari.

Wewe unayetaka kuanza, tafuta kwanza uwanja, na mwenye uwanja umpe shikamoo yake. Tiara utaipata tu.