Anarudi anatetemeka: Baiskeli, mvua na baridi ya Kibiti

Saa kumi na moja alfajiri Nyamisati bado ni giza. Boti zilizolala usiku ndani ya delta zinaingia moja moja, na karibu na gati baiskeli zimeegeshwa mstari, kila moja na tenga lake kwenye keria. Wachuuzi wa samaki hawasubiri kupambazuke. Samaki na kamba wanaharibika haraka, na barafu nayo haikai. Kila mmoja anatazama juu kuona kama mvua itakatika.

Mwezi wa nne, mara nyingi haikatiki.

Nyamisati ni lango la delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, mkoani Pwani. Wasafiri wa Mafia wanapandia boti hapa, na watu wa vijiji vya ndani ya delta wanatokea hapa kuja kuuza na kutibiwa. Nyuma yao imebaki mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kule ndani usafiri ni mtumbwi. Baiskeli inaanza kazi gatini, na kutoka hapo hadi Bungu, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Kilwa, ni kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni kilomita 80, kwa baiskeli nzito isiyo na gia, na mzigo nyuma.

Kiangazi adha ni vumbi na jua. Masika ni habari nyingine. Tope linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mtu anashuka, anaokota kijiti, anakwangua, anasukuma, kisha anapanda tena. Kwenye mteremko breki za mpira zinateleza juu ya rimu iliyolowa, kwa hiyo mwenye uzoefu anaanza kupunguza mwendo mapema, huku mguu mmoja ukiburuza chini.

Baridi inaingia hapo.

Mkazi wa Njombe au Makete akiambiwa kwamba Kibiti kuna baridi, huenda akacheka. Lakini kinachomdhuru mtu ni joto linalotoka mwilini kwa kasi kuliko linavyotengenezwa, na maji hunyonya joto hilo kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mchuuzi aliyevaa fulana ya pamba iliyolowa amevaa maji. Anapokanyaga pedali, misuli inampa joto na hajisikii vibaya. Hatari inakuja akisimama kuziba pancha, au akishuka mlima huku upepo wa kusi ukimpiga kifuani. Kama aliondoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili unaotetemeka unachoma chakula ili upate joto. Tumbo likiwa tupu, ni kama jiko lisilo na kuni.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, madaktari huiita hali hiyo haipothemia. Haihitaji theluji. Mvua, upepo, uchovu na njaa vikikutana, vinatosha.

Familia inakutana na jambo hili mlangoni, jioni. Baba amerudi, vidole vimekufa ganzi hata kufungua kamba ya tenga hawezi. Anatetemeka. Neno la kwanza la nyumbani ni malaria, na wasiwasi huo una haki yake, maana Pwani malaria ipo. Akijikwaa kizingitini na maneno yakamtoka mazito, linakuja swali la pili: "Umekunywa wewe?" Lakini ulimi mzito na miguu isiyotii ni dalili pia za mwili uliopoa kupita kiasi. Mtu anaweza kulaumiwa kwa ulevi wakati ni mgonjwa.

La kwanza ni kumvua nguo mbichi, hata kabla ya kumpa chakula. Akaushwe, avishwe nguo kavu, afunikwe blanketi kuanzia kifuani, na kichwa pia. Kama yuko macho na anameza vizuri, apewe chai au uji wa moto wenye sukari. Pombe ya "kupasha mwili" haifai: inapanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu anahisi joto huku analipoteza.

Akipata joto, kutetemeka kukaisha na akazungumza vizuri, apumzike na aendelee kuangaliwa. Ikija homa, usiku huo au siku zinazofuata, aende kituo cha afya apimwe malaria. Dawa ya mseto isimezwe kwa kubahatisha. Ila kuna jambo moja ambalo wengi hulisoma kinyume. Mtu aliyepoa sana akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa au anasinzia, hajapona. Mwili umeishiwa nguvu ya kujitetea. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Maji ya barabarani nayo yana hatari yake. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika na kufunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji ya namna hiyo yanaweza kubeba mkojo wa panya na mifugo, na ndani yake vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipothibitishwa mkoani Lindi Julai 2022. Vimelea hupenya kwenye michubuko, na mwendesha baiskeli hakosi mchubuko kwenye kifundo cha mguu. Jeraha lifunikwe kabla ya safari na miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni baada yake. Homa ikija na maumivu ya misuli, mhudumu wa afya aambiwe kwamba mgonjwa alipita kwenye maji ya mafuriko.

Watoto nao wako barabarani, wanaoendesha wenyewe kwenda shule na wanaopakiwa kwenye keria na wazazi wao. Mtoto hupoa haraka kuliko mtu mzima. Aliyepakiwa nyuma hupoa zaidi, kwa kuwa hakanyagi pedali. Mzazi anayetoka jasho mbele anaweza asijue kwamba nyuma yake mtoto ameganda.

Mbali na hapa, katika mji wa Oulu nchini Finland, watoto wengi huenda shule kwa baiskeli hata theluji ikiwa imetanda. Wanavaa nguo tabaka kwa tabaka, na jambo kubwa kwao ni kubaki wakavu. Kibiti hakuhitajiki koti la bei ya huko. Mfuko wa nailoni uliotobolewa matundu ya kichwa na mikono huzuia mvua na upepo kifuani. Sweta la sufu la mtumba linashika joto hata likilowa, jambo ambalo fulana ya pamba haiwezi.

Alfajiri inayofuata boti zinaingia tena Nyamisati, na wingu bado ni zito upande wa bahari. Kwenye usukani wa baiskeli moja kuna mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo mbili. Ndani yake mna fulana kavu, sweta na viazi vitamu viwili vya kuchemsha. Hauguswi mpaka Bungu, chini ya kibaraza cha duka, tenga likishashushwa.