Redhill: Walikojifunza Kutua Bila Injini

Mzazi, mtoto akikuuliza helikopta ikizimika angani inakuwaje, mweleze habari za Redhill, uwanja mdogo wa nyasi kusini mwa London. Miaka ya 1960 kampuni ya Bristow ilifundisha marubani hapo kwa Bell 47, ile yenye kioo cha duara mbele kama puto. Somo la kutoa jasho lilikuwa kutua bila nguvu ya injini. Rubani hushusha wenzo upesi, helikopta ishuke huku upepo wa chini ukizungusha mapanga. Karibu na ardhi huuinua, mara moja tu. Akiwahi mno, ataanguka. Leo helikopta za kufuata majeruhi huruka kutoka Redhill, daktari akiwa ndani.