Matairi ya Kipupwe

Alfajiri ya Ijumaa moja ya Aprili mwaka 2015, mvua ya masika ikiwa imenyesha tangu usiku wa manane, gari dogo la rangi ya samawati lilitoka mtaani Mountain View, likaingia Waiyaki Way na kushika njia ya Westlands. Usukanini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mfasiri kwa kazi. Kando yake aliketi babake, mzee aliyekuwa amevuka miaka sabini, ambaye kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akipelekwa hospitalini kusafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka. Safari hiyo haikujali mvua wala jua. Mtu akikosa siku moja huvimba miguu, na akikosa mbili watu wa nyumbani huanza kunong'ona.

Mwanamume mmoja alikuwa akivusha mkokoteni uliojaa kabichi. Mfasiri alimwona mapema, wala hakuwa akienda mbio. Alikanyaga breki kama alivyokanyaga siku zote. Breki zikatetemeka chini ya wayo wake na gari likaendelea kwenda. Halikuyumba wala halikupiga kelele. Liliteleza tu, kwa utulivu wa kutisha, kama sahani inayosukumwa juu ya meza yenye maji, na liliposimama palikuwa na nafasi ya mkono mmoja kati ya taa yake na goti la yule mwanamume. Kabichi tatu zilianguka. Mwanamume akaziokota moja moja, akazifuta kwa koti lake, akaondoka bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Mzee naye hakusema kitu mpaka walipofika langoni mwa hospitali. Hapo ndipo alipotamka, "Mwanangu, haya matairi hayaijui mvua."

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX la mwaka 2007, lililoletwa kutoka Japani mwaka 2014, kabla halijavuka ile miaka minane ambayo sheria ya Kenya huyawekea magari yaliyotumika. Jamaa wengi walimlaumu kwa kulinunua. Mwanamke asiye na mume, mwenye baba mgonjwa, anataka gari la mashindano la nini? Si angenunua kitu cha wastani, akabakisha fedha? Aliyefurahi alikuwa mzee peke yake. Alikuwa dereva wa malori enzi za nguvu zake, akienda Kampala na kurudi, na kila Pasaka alikuwa akisimama kando ya barabara kuyatazama magari ya Safari Rally yakipita, na pale yaliponaswa na matope, kuyasukuma. Mashindano hayo yaliyoanzishwa mwaka 1953 yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na sifa yake duniani ilikuwa matope. Mzee alimwona Joginder Singh mwaka 1974, mwaka aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer iliyokuwa na umbo la gari la kwendea sokoni. Alimshangilia Patrick Njiru, aliyelifanya jina la Subaru kuwa jina la nyumbani nchini Kenya. Mwaka 1997, Colin McRae wa Uskoti aliposhinda Safari akiwa ndani ya Impreza, bintiye alikuwa angali msichana wa shule, na walitazama pamoja kwenye televisheni ya jirani. Hivyo basi, gari lile la samawati halikuwa anasa tupu. Lilikuwa ahadi ya siku nyingi kati ya watu wawili, japo hakuna aliyekuwa amewahi kuitamka.

Jumamosi iliyofuata mfasiri alishuka mjini akiwa na mdogo wake wa kiume, hadi Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Aliyekwenda huko anaijua: vipuri vimetundikwa hadi dari, rimu zimepangwa kando ya njia kama sufuria za harusi, na kila anayepita huulizwa anatafuta nini kabla hajajua mwenyewe. Fundi waliyeelekezwa kwake alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugusa spana. Alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi la mbele, akasoma.

"Dada, haya uliyanunua wapi?"

"Yalikuja na gari."

"Basi yalikuja na baridi yake."

Akamwonyesha. Ubavuni palikuwa na neno STUDLESS, na kando yake mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kitone cha theluji chenye ncha sita. Kisha akamwonyesha tarakimu nne, 3907: tairi lilitengenezwa wiki ya thelathini na tisa ya mwaka 2007. Matairi yale yalikuwa na umri uleule wa gari.

Mfasiri hupenda kujua neno limetoka wapi, na neno lile lilimkera mpaka akalifuatilia. Zamani Wajapani wa nchi ya baridi, kama walivyo watu wa nchi nyingi za theluji, walikuwa wakitumia matairi yenye njumu za chuma ili yasiteleze juu ya barafu. Njumu hizo zikawa zinaikwangua lami, na majira ya machipuko yalipofika miji kama Sapporo na Sendai ilijaa vumbi la barabara. Watu wakakohoa, wakalalamika. Mwaka 1988 kampuni ya Bridgestone ikatoa tairi lisilo na njumu liitwalo Blizzak, na mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuzipiga marufuku njumu zenyewe. Badala ya chuma, matairi ya aina hii hutegemea mpira laini sana usiokakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, pamoja na chale nyembamba zilizochanjwa kwa mamia usoni mwa tairi ili ziume barafu. Ni kazi ya werevu mkubwa. Lakini mpira uliotengenezwa uwe laini kwenye baridi kali hulegea mno kwenye joto. Juu ya lami ya maji isiyo na baridi ya kutosha, vipande vilivyochanjwa hupindapinda, huisha upesi, na gari huchelewa kusimama. Tena yale yaliyokuwa chini ya gari lile yalikuwa yamezeeka, na ule ulaini wake umekauka. Fundi alitia sarafu ndani ya mfereji na kumwonyesha vijinundu viwili vya urefu tofauti. Kile kirefu huonyesha kwamba tairi limefika nusu, na kule Japani likifika hapo halihesabiwi tena kuwa la theluji. Kile kifupi, cha milimita 1.6, huonyesha kwamba limekwisha kabisa. Lile lilikuwa limekipita cha kwanza na linakikaribia cha pili. Halikuwa tena la theluji, na la mvua halikuwa tangu kuzaliwa kwake.

Hapa pana jambo linalowahusu wanafunzi wa lugha. Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili huwapa wasomaji neno kipupwe kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Japani. Kipupwe cha watu wa pwani ni ile miezi ya Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, masika yakiwa yamepita na mwili umepata nafuu ya joto. Nairobi nako Julai huwa na mawingu na manyunyu, watu huvaa makoti mazito na kulalamika kana kwamba wamefikwa na msiba, ilhali alfajiri ya kawaida ya mwezi huo ni nyuzi 11 au 12. Tairi la nyuzi 7 kwenda chini halipati kazi hapo. Laiti mtu angeyaita yale matairi ya kipupwe, na kamusi ingemruhusu, angekuwa amefasiri sawasawa na kukosea kabisa. Katika nchi hii majira ya kuchagulia tairi ni masika na vuli.

Turudi Kirinyaga Road. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuchagua. Alisimama mbele ya rimu nne za inchi 18, nyeusi zenye ukingo wa kung'aa, zikiwa na matairi ya 225/40, na macho yake yalikuwa yamelainika.

"Dada, hizi ndizo. Gari hili linalia na rimu za chuma za inchi 16. Linaonekana kama mtu aliyevaa suti na malapa."

Ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Mjapani aliyeliuza gari huenda alibaki na rimu zake nzuri, akaliacha liondoke na zile za majira ya theluji ambazo hakuzihitaji. Muuzaji wa rimu nyeusi naye alikuwa msemaji. Fundi akaleta kipimo. Nati tano za Impreza lile hukaa kwenye duara la milimita 100. Rimu zile zilitobolewa kwa duara la milimita 114.3. Muuzaji akasema hilo si tatizo, zitatobolewa upya. Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaeleza kwamba ubavu wa 225/40 una kimo cha milimita 90 tu, na ule wa 205/55 unazidi 112, na kwamba katika mashimo ya barabara za mitaani, ambayo wakati wa masika hujaa maji yakafanana na lami, ni ule ubavu unaoipokea rungu kabla haijaifikia rimu. Akaongeza kuwa tairi pana hupendeza likiwa limesimama. Kwenye maji mengi, kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo linavyoelea upesi, hasa mifereji yake ikiwa imekwisha. Mfasiri akamkumbuka babake akisimulia kwamba kwenye matope ya Safari walioshinda hawakuwa wale wenye matairi mapana. Hata leo katika mashindano ya magari huko Uswidi, kwenye theluji yenyewe, matairi huwa membamba ili yaikate na kuifikia ardhi.

Mdogo mtu alijaribu njia nyingine. Basi na anunue mapya mawili tu, ya mbele, mengine mwezi ujao. Hapo shauri lilikuwa zito, maana fedha za gari na fedha za figo zilikuwa zikitoka mfuko mmoja. Lakini WRX huendeshwa na magurudumu yote manne, na katikati yake mna kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Matairi mawili mapya yakikaa na mawili yaliyolika, mzingo hutofautiana, kifaa kile hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, na mwishowe huharibika kwa gharama inayozidi matairi manane. Ni manne au hakuna. Na ya mitumba ya Japani, yaliyokuwa rahisi zaidi? Fundi alimruhusu ajichagulie mwenyewe katika lundo. Aligeuza matano. Matatu yalikuwa na neno lile lile.

Alinunua manne mapya ya 205/55 R16, 91V, yenye mifereji minne mipana inayozunguka tairi lote, mifereji ambayo pamoja na vipande vyake Watanzania huiita kwa jina tamu la kashata. Herufi V humruhusu mtu kufika kilomita 240 kwa saa, jambo ambalo Waiyaki Way haitalishuhudia. Tarakimu 91 ndiyo iliyokuwa na maana: kila tairi hubeba hadi kilo 615. Alihakikisha yote manne ni ya mwaka mmoja, akazibakisha rimu zake za chuma, akalipa shilingi 48,000. Mdogo wake alikaa kiti cha nyuma kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Lilibaki jambo moja. Matairi ya zamani yalipopangwa kando ya ukuta, alitokea kijana akataka kuyanunua, shilingi 2,000 kila moja. Yangepakwa rangi nyeusi yakang'aa, yakauzwa kabla ya jioni kwa dereva wa teksi asiyesoma ubavu. Shilingi 8,000 hazikuwa kidogo; Jumanne ilikuwa inakuja. Mfasiri aliyatazama matairi, akamtazama kijana, na kilichomjia si hesabu bali mikono ya mtu anayefuta kabichi kwa koti. Akamwomba fundi ayachane ubavuni kwa kisu. Mdogo wake aligeuka upande mwingine. Kijana alisonya akaenda zake. Uamuzi huo ulimgharimu: mwezi huo alifasiri mikataba miwili ya usiku aliyokuwa amekwisha kuikataa.

Jumanne ilinyesha. Walishuka Waiyaki Way wakiwa kimya, na mahali pale pale mzee alimwambia, "Hebu kanyaga." Nyuma hapakuwa na gari. Akakanyaga. Gari likasimama, mzee akainama mbele hadi mkanda ukamshika. Akajirudisha kitini polepole, akautengeneza mkanda wake, akasema waende, wasije wakachelewa.

Kufikia Julai yale matairi yaliyochanwa yalikuwa yamepangwa nyuma ya nyumba, yamejazwa udongo, na mzee alikuwa amepanda dhania na sukuma wiki ndani yake. Mtoto wa jirani, aliyekuja kuomba dhania asubuhi moja ya ukungu, alichuchumaa akakitia kidole kwenye ule mchoro wa vilele vitatu na kuuliza ni nini.

"Hujui?" mzee akamjibu. "Batian, Nelion, Lenana. Huo ni Mlima Kenya."

Mfasiri alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hakumsahihisha.