Omena Zilizonyeshewa

Novemba ya mwaka juzi nilichukua shilingi 18,000 za kanisa nikanunulia omena. Nilikuwa mweka hazina wa akina mama, na pesa hizo zilikuwa za mabati ya jiko la kanisa. Nilijiambia siibi, naazima siku nne tu, Jumamosi zitakuwa zimerudi.

Anayeijua Osieko, ufuo wetu wa wavuvi, atalielewa jaribu hilo. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, nasi tunaoishi kwa kuuza omena kwa debe na gorogoro tunakula akiba. Uvuvi ukifunguliwa, bado kuna mwezi: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mashua zinalala ufuoni. Kwa hiyo usiku wa giza ukifika na mashua zikarudi alfajiri zimejaa, anayepata ni mwenye pesa mkononi. Asubuhi ile bei ilikuwa imeshuka sana. Mifuko yangu ilikuwa mitupu, lakini mkobani zilikuwemo pesa za Mungu.

Nilizianika omena zangu kwenye nyavu kuukuu mchangani. Hadi saa sita zilikuwa zinang'aa, ukizigeuza zinalia kama majani makavu. Saa nane wingu likatanda ziwani. Turubai langu lilifunika robo tu. Kesho yake zilikuwa na rangi ya kutu, vichwa vinakatika ukizishika, na harufu ile ambayo mnunuzi wa Busia akiinusa hasogei tena. Alizichukua mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo haikufika theluthi ya niliyonunulia.

Hilo ni kosa, lakini ninaloungama hapa ni la miezi mitano iliyofuata. Niliendelea kuomba.

Kila Jumapili nilisimama mbele nikaongoza maombi, na mama mmoja akaniambia siku hizi ninaomba kwa nguvu. Nyumbani nilipiga magoti nikaombea watoto, wagonjwa, viongozi, watu wa Budalang'i wanaohamishwa na mafuriko ya Nzoia. Niliombea kila kitu isipokuwa kimoja, kama mtu anayelima shamba huku akikizunguka kisiki kilekile kila msimu. Nilipoona moyo unakauka, nikaongeza. Nilifunga Jumatano, nikakesha Ijumaa, nikasoma Zaburi nzima. Nilidhani nimepungukiwa bidii. Kufunga ni kwema na bado ninafunga, ila wakati ule nilikuwa nimekugeuza pazia. Jambo ambalo Mungu alilijua tangu siku ya kwanza, mimi nilikuwa namficha kwa maombi.

Kanisani kwetu yuko bibi mmoja ambaye wazazi wake walikuwa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Ni moto ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukafika Kabete mwaka 1937 na Maseno mwaka uliofuata. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kusimama katikati ya wenzao na kutaja dhambi kwa jina lake: nimechukua nini, cha nani. Kisha mtu anakwenda kukirudisha. Sisi wa leo tuliwaona washamba, watu wa kujianika. Tumebaki na wimbo wao, Tukutendereza, tunaupiga kwa kinanda na makofi, na tumeacha maungamo ambayo wao walikuwa wakiyamaliza ndipo wauimbe. Naamini tumepoteza kitu kikubwa, nami ni mmoja wa waliokipoteza.

Aprili, mvua za masika zilipoanza, bibi huyo alikuja kwangu.

"Mwanangu, mabati tutanunua lini?"

"Wiki ijayo, mama."

Akanyamaza. Chai ikapoa. Kisha akauliza, "Na wewe na Bwana, mnaongea?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilifika kooni likakwama, nikamwambia yote: 18,000, omena, mvua, mtu wa kuku. Hakunikumbatia wala hakusema tuombe. Aliuliza zimebaki ngapi. Nikasema 5,000.

"Jumapili utasema mwenyewe?"

"Nitasema, mama."

Usiku ule niliomba labda dakika moja. Nilisema, "Baba, nilichukua," nikashindwa kuendelea. Lakini alikuwa pale. Sina namna nyingine ya kulieleza: kwa miezi mitano nilikuwa nikisema peke yangu chumbani, na usiku huo nilijua ninasikilizwa.

Jumapili nilisema. Wengine walilia pamoja nami, wengine walitoka nje. Mama mmoja anayeuza mboga za kienyeji alisimama akasema, "Mimi nilitoa mia mbili," akakaa. Sijasikia mahubiri yaliyonichoma kama maneno hayo manne. Niliijua ile 200, ilikuwa noti mbili zilizokunjwa ndogo, zina unyevu wa mboga. Nilizipokea kwa mkono wangu nikaandika jina lake.

Waliniondoa katika uweka hazina, na walifanya haki. Niliwapa zile 5,000 siku hiyohiyo, na zilizobaki nalipa kidogokidogo. Sasa zimebaki 3,000. Ninapopata, nampelekea mweka hazina mpya Jumamosi jioni. Anazihesabu mbele yangu, noti moja moja, anaandika daftarini, ananigeuzia nitie sahihi.