Vidonge Vinapopungua

Jumatatu, 7 Julai 2025
Leo vidonge viwili tu vya pumu. Miligramu 10! Mwaka jana nilikuwa nameza vinane. Mashavu yale ya kuumuka yameanza kunywea. Mlima uko wazi mpaka kileleni, nami nimefika sokoni bila kusimama njiani. Asante Mungu.

Jumatano, 16 Julai
Pua imeziba tena. Vidole vya mguu wa kushoto vina ganzi. Baridi ya Julai hii. Soksi mbili.

Jumapili, 20 Julai
Kandambili ilinitoka mlangoni nisijue. Nimefika jikoni, mguu mtupu kwenye saruji, ndipo binti yangu akauliza, "Mama, nyingine iko wapi?" Nimecheka naye. Usiku nimelia. Baridi gani inachagua mguu mmoja? Na madoa haya ya zambarau kwenye muundi: nabonyeza, hayafifii. Kifua kiko sawa kabisa. Hilo ndilo linalonichanganya.

Jumanne, 22 Julai
Nyeri, matatu ya alfajiri. Daktari hakuanza na kifua. "Simama kwa visigino, mama." Wa kushoto umekataa kuinua vidole. Damu: eosinofili ziko juu mno.

Anasema pumu kali wakati mwingine huwa na mwenzake nyuma yake, kinga ya mwili ikishambulia mishipa midogo ya damu. Neva ikikosa damu, mguu hufa ganzi. Predinisoloni, steroidi ninayomeza, huenda ilikuwa imeufunika ugonjwa huo muda wote. Kipimo kiliposhuka, ukajitokeza. Madaktari Churg na Strauss waliueleza New York mwaka 1951: wagonjwa 13, wote wa pumu. Miaka ya 1990 vilipokuja vidonge vipya vya pumu, watu wakapunguza steroidi, baadhi yao wakaupata. Vidonge vipya vikalaumiwa kwanza.

Miezi yote ya kupunguza nimeulizwa kifua tu. Hakuna aliyeniambia nitazame miguu. Hasira imenikaa kooni kuanzia Nyeri mpaka Naro Moru.

Jumamosi, 26 Julai
Moyo umepimwa, uko salama. Figo pia. Nilikuwa nimeogopa moyo kuliko vyote.

Vidonge 12 kiganjani. Mashavu yatarudi, usingizi utakimbia. Nimemeza.

Jioni nimefumba macho, binti yangu ananigusa vidole kwa ncha ya kalamu. Kidole gumba: hapana. Cha pili: hapana. Cha tatu... "Gusa tena," nimemwambia.