Bastola Chini ya Shati

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mkazi wa Texas mwenye miaka 21 na kuendelea, ambaye sheria haijamzuia kumiliki silaha, anaweza kuchomeka bastola kiunoni, akaishushia shati, akaenda dukani bila kumwomba mtu kibali. Zaidi ya nusu ya majimbo 50 ya Marekani yamefika hapo, na Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kubeba bastola ya kujilinda nje ya nyumba ni haki ya raia. Kila habari ikija kwamba ng'ombe wameswagwa na wezi usiku Tarime au Serengeti, hawakosekani wana-Mara wa huku Marekani wanaosema laiti na nyumbani ingekuwa hivi. Mimi naona wanakosea, na kosa lao linaanzia kwenye lile shati.

Kwetu Tanzania bastola haijapigwa marufuku. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kuimiliki kwa leseni, ila maombi huanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kwenye kamati za ulinzi na usalama. Mwenyekiti wa kijiji anajua nani akilewa hukimbilia panga, nani ana kesi ya mpaka wa shamba, nani anampiga mkewe. Mchujo huo una matundu, maana mwenyekiti naye ana ndugu, na kuna wanaopenda chai. Hata hivyo, bastola iliyofichwa ndani ya nguo inakuwa haijafichwa kwa majirani. Texas hakuna jirani aliyeulizwa.

Tuwe wa haki: bastola hiyo imewahi kuokoa watu. Tarehe 17 Julai 2022, katika jengo la maduka la Greenwood, Indiana, kijana wa miaka 22 alimpiga risasi muuaji aliyekuwa akiendelea kufyatua, siku chache tu baada ya jimbo hilo kufuta sharti la kibali. Lakini sheria hupimwa kwa mavuno ya miaka. Mtafiti John Lott alidai mwaka 1998 kwamba raia wakibeba silaha uhalifu hupungua. Mwaka 2004 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likasema ushahidi hautoshi kusema hivyo. Mwaka 2019 mtafiti mwingine, John Donohue, na wenzake wakaona kwamba baada ya miaka kumi ya sheria za kuwaruhusu raia kubeba silaha uhalifu wa mabavu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Kibali nacho si kinga. Philando Castile wa Minnesota alikuwa nacho mwaka 2016, akamweleza askari kwa adabu kwamba ana silaha, na akapigwa risasi akiwa bado kwenye kiti cha gari. Kisha kuna hasara inayolala na mwenye bastola nyumbani: kati ya watu 48,830 waliokufa kwa risasi Marekani mwaka 2021, zaidi ya 26,000 walijiua wenyewe.

Nitajibiwa kwamba wezi wa mifugo wana bunduki tayari. Ndiyo, na tujiulize zilifikaje. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wizi wa ng'ombe Ukuryani, huko Tarime, alionyesha jinsi vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, vilivyoacha silaha mikononi mwa watu, na wizi uliokuwa wa mishale ukawa biashara ya risasi. Bunduki zaidi hazikuwapa wenye ng'ombe usingizi. Isitoshe, wezi huja kundi zima, gizani, na bastola ni chombo cha hatua chache. Kinachorudisha ng'ombe ni yowe. Mmoja anapiga, mlima wa pili unadaka, watu wanatoka na tochi, panga na pinde, na nyayo zinafuatwa hadi alfajiri. Kijiji zinamoishia ndicho kinachoulizwa. Yowe halina kazi lisiposikika. Mtu anayetegemea kilichofichwa kiunoni hana sababu ya kuitika la mwenzake.

Halafu kuna koo. Anayeua kwa kujitetea Texas humalizana na polisi, wakili na mahakama. Tarime, maiti ina ukoo, na swali la kwanza si nani kafyatua, ni Wanchari au Warenchoka. Hakimu anaweza kumwachia huru mshtakiwa mchana, na usiku nyumba za binamu zake zikachomwa moto.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba ulinzi wa jadi nao umeumiza watu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamecharaza viboko wasio na hatia, na yapo makundi yaliyoua washukiwa. Siutetei ukatili huo. Lakini umefanyika mbele ya macho ya watu, na ritongo, baraza la Wakurya, linaweza kuitwa kuuhoji. Na kama ni bastola, mfanyabiashara wa dhahabu Nyamongo au mbadilisha fedha wa Sirari anayehofia roho yake ana mlango wa leseni. Aende kwa mwenyekiti, ajulikane.

Ndugu zangu mnaotuma fedha nyumbani, tumeni za tochi, za vocha, hata za mafuta ya gari la polisi. Za bastola msitume.