Moshi wa TD27

Mpwa wangu, anayesomea ufundi wa magari, ameniuliza tulijuaje ugonjwa wa injini kabla ya kompyuta. Tulijua kwa moshi.

Miaka ya 1990, matatu za Nissan za injini ya TD27 zilipotawala barabara za Kisii kwenda Keroka na Nyamira, gereji yetu ilikuwa kichochoroni karibu na soko la Daraja Mbili. Ilinuka dizeli iliyokauka kwenye ovaroli, ikichanganyika na ndizi mbivu za sokoni. Mwenye gereji tulimwita Omogaka, yaani mzee kwa Kigusii. Gari lilipoletwa, hakugusa spana kwanza. Alisimama nyuma ya ekzosi. Moshi mweusi: nozo zinamwaga badala ya kunyunyiza, au chujio la hewa limeziba. Wa buluu: ringi zimechoka, oili inapanda. Mweupe wa asubuhi kwenye baridi ya Keroka, ukiisha injini ikipata joto: hita moja imeungua. Mweupe usioisha, na maji yanapungua kwenye rejeta: gasketi ya hedi. Hapo dereva alikaripiwa, maana Omogaka alijua amepanda milima na abiria kupita kiasi, akachemsha, kisha akamwagia injini maji baridi.

Kisha alilegeza nati ya paipu ya dizeli kwenye nozo moja, akaikaza, akaenda ya pili. Injini ikiyumba, silinda hiyo ni nzima. Mlio usipobadilika, mgonjwa amepatikana.

TD27 ilistahimili mengi: silinda nne, ujazo wa cc 2,663, taimingi ya gia badala ya mkanda wa kukatika. Niliipenda na bado naipenda.

Baadaye zikaja Hiace za D-4D, na Probox za petroli zikachukua abiria wa vijijini. D-4D ina nguvu, lakini hufyatua dizeli kwa shinikizo linalopita baa 1,000, na pampu yake hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Mwaka 2018 yaliwekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Hata hivyo baadhi ya wenye magari bado wanakimbilia dizeli ya mitungi, isiyojulikana imechanganywa na nini, kwa sababu ni ya bei rahisi. Inaniudhi! Ananiudhi zaidi fundi anayefuta taa ya onyo kwa kompyuta na kuruhusu gari liondoke, huku wosha ya shaba chini ya injekta ikivujisha masizi ndani ya oili, hadi chujio la oili la chini linaziba na injini inakwama bila oili.